Utafiti wa uzamili katika ujasiriamali na ubunifu: orodha kwanza, dodoso baadaye

Tasnifu nyingi za uzamili za biashara nchini Uganda zina kichwa kimoja kilichovaa nguo tofauti: mchango wa kitu fulani katika ukuaji wa biashara ndogo za mahali fulani. Mikopo na ukuaji wa biashara ndogo Nakawa. Mafunzo na ukuaji wa biashara ndogo Mbarara. Kichwa chenyewe hakina ubaya. Ubaya hujitokeza siku ya utetezi, mtahini anapouliza: hizo biashara ulizipataje, na ni nani hakuwa na nafasi yoyote ya kuingia katika sampuli yako? Mwanafunzi aliyeandika dodoso mwezi wa kwanza na kutafuta orodha ya biashara mwezi wa mwisho hana jibu, na hakuna programu ya takwimu inayoweza kumwokoa.

Mwongozo huu unapanga kazi kwa mfuatano mwingine: swali, maana ya maneno, orodha ya watu, kisha dodoso. Hatua ya pili na ya tatu zimepewa nafasi kubwa kwa sababu ndizo zinazorukwa.

Swali lishike uamuzi mmoja

Mjasiriamali huamua: kufungua, kukopa, kununua mashine, kuajiri, kuiga, kufunga. Swali likishika uamuzi mmoja kati ya hayo, mengine yote hupata pa kuegemea. Likishika neno kubwa kama "ukuaji" au "mazingira ya biashara", kila kitu huingia na hakuna kinachopimika.

Chukua Katwe jijini Kampala, ambako mafundi wa chuma hutengeneza mashine za kusaga, majiko, toroli na mageti. "Vikwazo vya ubunifu Katwe" ni kichwa cha insha. Linganisha na hili: fundi aliyetoa muundo mpya katika miaka mitatu iliyopita hufanya nini ili apate faida yake kabla jirani hajauiga? Swali hili lina mtu, lina uamuzi, lina muda, na tayari limekuelekeza wa kuhoji: fundi aliyetoa muundo na jirani aliyeuchukua.

Ili ulipate swali la namna hiyo, tembelea eneo lako kwa wiki mbili hivi kabla hujazama katika makala. Kaa, nunua, uliza bei, tazama nani anamwuliza nani. Usirekodi sauti wala kuandika majina. Hayo bado si data, na huruhusiwi kuyatumia kama data kabla ya kibali cha maadili. Kisha ndipo usome, ukitafuta nadharia mbili zinazotofautiana juu ya uamuzi ule. Kwa mfano, makala ya Sarasvathy ya 2001 yanadai kwamba mjasiriamali mzoefu huanza na alichonacho na hasara anayoweza kuimudu, wakati nadharia ya mipango hutegemea lengo lililowekwa mapema na hesabu ya faida. Hizi mbili hutabiri mambo tofauti kuhusu mtu anayekopa. Nadharia isiyokataa chochote haitakusaidia kuandika nadharia tete hata moja, hata ukiichora kwa mishale mizuri kiasi gani.

Maneno matatu ya kufafanua

La kwanza ni biashara ndogo. Sera ya Uganda ya mwaka 2015 ina vipimo vyake. Biashara ndogo sana ina wafanyakazi wasiozidi 4 na mali isiyozidi shilingi milioni 10. Biashara ndogo ina wafanyakazi 5 hadi 49 na mali ya kati ya milioni 10 na milioni 100. Ya kati ina wafanyakazi 50 hadi 100, na mali yake haizidi milioni 360. Sasa mfikirie mwuza vipuri wa soko la Kisekka, Kampala, mwenye msaidizi mmoja na shehena ya milioni 60. Kwa hesabu ya watu ni mdogo sana, kwa hesabu ya mali amevuka daraja. Amua kabla ya kwenda uwanjani kigezo kipi kinatawala, uandike sababu katika sura ya tatu, ya mbinu. Usipoamua wewe, wasaidizi wako wataamua, kila mmoja kwa namna yake.

La pili ni mjasiriamali. Utafiti wa kimataifa wa ujasiriamali, GEM (Global Entrepreneurship Monitor), humhesabu mtu wa miaka 18 hadi 64 aliye katika harakati za kuanzisha biashara, au anayemiliki biashara changa isiyozidi miezi 42. Kwa kipimo hicho zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa Uganda walikuwa wajasiriamali mwaka 2012 na tena 2014, na ndiyo maana nchi hii husifiwa kila mahali kwa ujasiriamali. Tahadhari na sifa hiyo. Kipimo kinamhesabu sawasawa aliyeweka nyanya barabarani kwa kukosa kazi na aliyeanzisha kampuni ya programu za simu. Tena kinamwacha nje mwenye karakana ya miaka kumi, hata kama mwaka huu ametoa bidhaa mpya tatu.

La tatu ni ubunifu. Mwongozo wa Oslo, ule wa kimataifa wa kupima ubunifu, toleo la nne la 2018, unataka bidhaa au mchakato wa biashara ulio mpya au ulioboreshwa, unaotofautiana kwa kiasi kikubwa na ule wa awali wa biashara hiyo hiyo, na ambao umekwisha kufika kwa watumiaji au kuanza kutumika. Kuna mambo mawili hapa ambayo wanafunzi huyapita. Upya unapimwa kwanza kwa biashara yenyewe, kwa hiyo fundi wa Arua aliyeanza mwaka huu kutumia njia inayojulikana Kampala amebuni kwa kipimo hiki. Na wazo lililo kwenye daftari halihesabiki. Angalia pia toleo unalonukuu: la 2005 lilikuwa na aina nne za ubunifu, la 2018 limebaki na mbili, bidhaa na mchakato wa biashara. Tasnifu inayotaja toleo jipya na kupima aina nne inaonyesha kwamba mwandishi hakulifungua.

Orodha ya kuchagulia sampuli

Kila orodha iliyopo ina tundu lake, na lazima ulijue. Leseni za biashara za KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) au za manispaa zinaonyesha waliolipa mwaka huu. Wasiolipa hawamo, na mara nyingi ndio wengi. Daftari la URSB, ofisi ya serikali inayosajili biashara na hataza, lina majina yaliyosajiliwa, lakini jina huendelea kukaa daftarini muda mrefu baada ya duka kufungwa, na kibanda cha rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) hakikusajiliwa kamwe. Orodha ya chama cha soko ina wanachama, na uongozi unaweza kuacha nje wale waliogombana nao. Sensa ya biashara ya UBOS (ofisi ya taifa ya takwimu) ya 2010/11 inafaa kukuonyesha umbo la sekta, lakini usichague watu humo leo.

Kwa eneo dogo, njia ya uhakika ni kuorodhesha mwenyewe:

1. Chagua mipaka inayoonekana kwa macho: barabara, mfereji, reli. Mipaka ya parokia kwenye ramani haionekani ukiwa umesimama mtaani.
2. Gawa eneo katika vipande kwa kutumia picha za setilaiti, ukipe kila kipande namba.
3. Tembeeni wawili wawili, upande mmoja wa barabara kwa wakati mmoja, na muingie ndani: ghorofa za juu, vyumba vya chini, nyuma ya nyumba. Katika majengo ya maduka ya Kikuubo, Kampala, biashara nyingi hazionekani kutoka barabarani.
4. Andika aina ya biashara, alama ya mahali, saa za kufungua, na kama mwenyewe yupo au anaye msaidizi.
5. Rudini jioni katika vipande vichache. Wauza chakula cha usiku hawapo saa nne asubuhi.

Tatizo kubwa kwenye hatua ya tatu ni mlango mmoja wenye biashara nne: mwenye nguo mbele, fundi cherehani pembeni, wakala wa mobile money dirishani, na msusi nyuma. Usihesabu milango. Uliza swali moja: faida ya hapa jioni inachukuliwa na nani? Kila anayechukua faida yake mwenyewe ni biashara moja. Kanuni hii iandikwe kwenye karatasi ya kila msaidizi, maana bila hiyo idadi ya biashara za mtaa huo huo inaweza kutofautiana sana kati ya jozi mbili za wasaidizi.

Sasa ukubwa wa sampuli. Ukiwa na biashara 1,200 na kosa la asilimia 5, fomula ya Yamane inatoa 1,200 ÷ (1 + 1,200 × 0.0025) = 300. Jedwali la Krejcie na Morgan linatoa 291. Wasimamizi wengi hukubali hapo, lakini namba hizo ni za kukadiria asilimia katika sampuli nasibu ya kawaida. Kama unalinganisha makundi mawili, fanya hesabu ya uwezo wa kugundua tofauti: kwa tofauti ya ukubwa wa kati (0.5 ya mkengeuko sanifu), uwezo wa asilimia 80 na kiwango cha 0.05, unahitaji watu 64 kila kundi, kwa tofauti ndogo (0.2), karibu 394 kila kundi. Ukichagua vipande kwanza kisha biashara 10 ndani ya kila kipande, majirani hufanana, na sampuli yako inapungua nguvu. Zidisha kwa 1 + (10 − 1) × 0.05, yaani 1.45, ukikadiria mfanano wa 0.05. Zile 300 zinakuwa 435. Ukitegemea asilimia 15 wakatae, gawa kwa 0.85: unahitaji 512. Ni bora kuijua namba hii ukiwa bado unapanga bajeti.

Linabaki suala la waliofunga. Ukihoji biashara zilizo wazi tu kuhusu siri ya kudumu, umewasikia washindi peke yao, na chochote walichofanana utakiita sababu ya mafanikio, hata kama walioanguka walikifanya pia. Dawa yake ni ngumu lakini inawezekana: pata orodha ya leseni ya mwaka uliopita au wa kabla yake, chagua majina humo, kisha nenda kila anwani. Asiyekuwepo, ulizia kwa mwenye nyumba, jirani na mwenyekiti wa LC1 (uongozi wa kijiji au mtaa). Wapo waliohama tu, waliobadilisha biashara, na waliofunga kabisa. Hata ukiwapata nusu yao kwa simu, sura yako ya nne, ya matokeo, itakuwa na kitu ambacho tasnifu nyingi hazina.

Dodoso lizungumze na mtu wa kweli

Mizani maarufu ya mwelekeo wa kijasiriamali, ya Covin na Slevin ya 1989, ina vipengele tisa na ilitumiwa kwa viwanda vidogo 161 vya Marekani. Inauliza juu ya mameneja wakuu, utafiti na uendelezaji wa bidhaa, na msimamo wao dhidi ya washindani. Ukimpa mwanamke anayeuza mukene (dagaa) Busia kauli kwamba mameneja wakuu wa biashara yake wanapendelea miradi yenye hatari kubwa, atakubali kwa heshima, na umepata namba isiyo na maana.

Geuza kauli iwe tendo lenye muda: "Katika miezi 12 iliyopita, uliwahi kununua kwa pesa yako bidhaa ambayo hujawahi kuiuza, kabla hujampata mteja wake?" Akisema ndiyo, uliza ilikuwa bidhaa gani. Kisha jaribu swali kwa watu wanane hivi, ukimwomba kila mmoja akuelezee kwa maneno yake alichosikia. Wawili au watatu wakieleza kitu kingine, swali libadilishwe. Jaribio hili lifanyike kabla ya lile la kupima alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha jinsi majibu ya maswali yanavyokubaliana), kwa maana watu wote wakilielewa swali vibaya kwa namna moja, alfa itavuka 0.7 bila shida.

Lugha nayo ni kazi ya siku kadhaa. Mpakani Busia na Malaba Kiswahili kitakufikisha mbali, na vilevile katika masoko mengi ya Arua na Koboko. Masaka utahitaji Kiganda, Gulu Kiacholi. Mtu mmoja atafsiri, mwingine asiyeyaona maswali ya asili airudishe katika lugha ya kwanza, kisha wote wawili wakae na wewe pale tafsiri zinapopishana. Usimwachie msaidizi atafsiri papo hapo mbele ya mhojiwa.

Mapato ndiyo sehemu inayoharibika kirahisi zaidi. Ukiuliza mauzo ya mwezi utapata namba ya mviringo. Utafiti wa de Mel, McKenzie na Woodruff huko Sri Lanka, uliochapishwa 2009, ulikuta wenye biashara ndogo wanataja mapato pungufu kwa karibu asilimia 30, na kwamba kuuliza faida moja kwa moja kulitoa picha bora kuliko kujumlisha kila mauzo na gharama. Kwa hiyo uliza faida kwa swali moja lililo wazi: baada ya kulipa gharama zote za biashara, ukiwemo mshahara wa wasaidizi lakini si wako, mwezi uliopita ulibaki na kiasi gani? Kisha hakiki kwa malighafi. Muuza chapati anayetumia pakiti 5 za unga za kilo mbili kwa siku, kila pakiti ikitoa chapati 18 za shilingi 1,000, ana mauzo ya 90,000. Akiwa alikutajia 60,000, usimwambie amekosea. Mwulize chapati ngapi zililiwa nyumbani, ngapi zilikwenda kwa deni, ngapi zilibaki. Mara nyingi pengo lote liko hapo, na lenyewe ni matokeo ya utafiti.

Jambo la mwisho kwenye dodoso: usipime sababu na matokeo kwa mtu mmoja, siku moja, kwa mizani ile ile ya moja hadi tano. Mtu mwenye furaha siku hiyo atapandisha vyote viwili, na uhusiano utakaouona ni wa furaha yake. Angalau kimoja kitoke kwingine: daftari la mauzo, kumbukumbu za SACCO kwa ridhaa yake, hesabu ya mashine uliyoifanya kwa macho.

Huenda huhitaji dodoso kabisa

Mwanafunzi wa uzamili mwenye miezi mitano na pesa kidogo afikirie data zilizopo. Utafiti wa kaya zilezile wa UBOS, ulioanza 2009/10, unafuatilia kaya kwa miaka mingi na una sehemu ya biashara za nyumbani. Uchunguzi wa Benki ya Dunia wa kampuni nchini Uganda ulifanyika 2006 na 2013, lakini unahusu kampuni zilizosajiliwa zenye wafanyakazi 5 au zaidi, kwa hiyo usiutumie kuzungumzia vibanda. Kwa biashara ya mipakani isiyo rasmi, UBOS hukusanya takwimu zake. Kazi ya kusafisha data hizi ni kubwa, na inafundisha ustadi wa utafiti kuliko kuzunguka na karatasi 300.

Vibali na uwanja

Panga miezi, usipange wiki. Pendekezo hupitia kamati ya maadili iliyoidhinishwa na UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), kisha usajili wa UNCST wenyewe. Ukiwa na barua, pita ofisi ya RDC (mwakilishi wa rais wilayani), kisha kwa mwenyekiti wa LC1 na uongozi wa soko. Kumruka LC1 ni kosa linalosimamisha kazi asubuhi ya kwanza. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakuhusu: majina na namba za simu zikae katika faili tofauti na majibu, lenye nywila, na mhojiwa ajue zitafutwa lini.

Watu watakudhania wewe ni wa URA, mamlaka ya kodi. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kupinga mfumo wa risiti za kielektroniki, na hofu hiyo haijaisha. Usianze na mauzo. Anza na historia ya biashara, na swali la pesa lije mwishoni. Onyesha kitambulisho cha chuo, usipige picha za duka, usivae kama mkaguzi. Njoo saa za utulivu, na mteja akifika, nyamaza mpaka ahudumiwe.

Tumia KoboToolbox au ODK, programu za kukusanyia majibu, kwenye simu, weka mipaka ya majibu, na kila jioni kagua mambo matatu: muda wa kila mahojiano, alama ya mahali, na majibu yanayofanana mno. Mahojiano ya dakika kumi kwa dodoso la dakika arobaini hayakufanyika. Mpigie simu mhojiwa mmoja kati ya kumi kuhakiki.

Kusoma matokeo

Regresheni ya data za siku moja inaonyesha uhusiano. Usiandike "athari" katika sura ya tano, ya hitimisho, kwa sababu tu neno hilo limo katika kichwa. Na uangalie muda. Mpango wa serikali wa kaskazini mwa Uganda uliowapa vijana mtaji wa kujifunza ufundi na kununua vifaa, karibu dola 382 kwa kila mtu, ulifuatiliwa kwa kulinganisha waliochaguliwa kwa bahati nasibu na waliokosa. Baada ya miaka minne kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 38. Baada ya miaka tisa wale waliokosa walikuwa wamewafikia kwa kipato. Mtafiti aliyeacha mwaka wa nne na aliyengoja wa tisa wangeandika sura mbili tofauti kabisa za hitimisho. Kwa hiyo katika mapendekezo yako taja wazi matokeo yako ni ya miezi mingapi baada ya mkopo au mafunzo.

Kama tasnifu yako ina kifaa au muundo mpya, wako au wa fundi uliyemhoji, nendeni URSB kabla ya utetezi wa hadhara na kabla nakala haijawekwa katika hifadhi ya chuo. Muundo uliokwisha kuonyeshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya inayotakiwa kwa hataza. Na fundi asiyetaka mchoro wake uonekane ana haki hiyo: eleza kazi ya mashine, acha vipimo, na umwonyeshe ukurasa husika aukubali kabla hujaukabidhi.